Kaka kasamehewa, dada kafungiwa ndani: nani yuko hatarini zaidi?

Washauri wapendwa, habari za kazi.

Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 17, wa kike ana 15. Wiki mbili zilizopita nilipokuwa nafua, nilikuta misokoto miwili ya bangi kwenye mfuko wa suruali ya kaka. Nilipombana alikiri kwamba anavuta karibu kila siku baada ya shule, tangu mwaka jana. Hasira zikanipeleka hadi chumbani kwa dada yake, na huko nikakuta sigara ya kielektroniki pamoja na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa soda na pombe kali, nusu kwa nusu. Kesho yake nikahesabu vidonge vya mama mkwe, diazepam ya miligramu 5 anayotumia akikosa usingizi. Vilipaswa kuwa 30, vipo 24. Binti anasema alimeza kimoja kimoja siku alizokuwa na mawazo, na pombe amekunywa wikiendi tatu tu na marafiki.

Mume wangu amewahukumu kwa mizani mbili. Kaka kaambiwa "acha ujinga," basi. Eti ujana maji ya moto, mvulana lazima apitie, akikua ataacha mwenyewe. Dada kanyang'anywa simu, hatoki nje, na sasa linazungumzwa la kumtoa shule apelekwe kwa wifi yangu. Wifi naye ametuma makala inayosema mwili wa mwanamke hushikwa na uraibu upesi kuliko wa mwanamume, kwa hiyo kumbana binti si uonevu, ni sayansi. Mimi nasema mtoto ni mtoto, sheria iwe moja. Mume wangu ananiambia nabishana na maumbile.

Je, ni kweli miili yao inatofautiana kiasi hicho? Tuwatendee sawa au tofauti? Na tuanzie wapi, maana wiki mbili zimepita kwa kelele tu na kaka bado anarudi nyumbani macho mekundu?

Mama Wawili

*

Mama Wawili,

Vidonge kwanza, ubishi baadaye. Hivyo 24 vilivyobaki vifungiwe leo mahali penye kufuli, ufunguo akae nao mtu mzima mmoja, na kila mama mkwe anapotumia kimoja iandikwe tarehe na idadi iliyobaki. Haraka hii inatokana na ile chupa ya nusu lita. Diazepam na pombe zote mbili hulegeza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na zikikutana kila moja huizidishia nyenzake nguvu. Isitoshe, diazepam haina haraka ya kutoka mwilini: nusu ya dozi huchukua kati ya saa 20 na 50 kuondoka, na mabaki yake ambayo bado yana nguvu hukaa siku kadhaa zaidi. Kwa hiyo kidonge alichomeza Ijumaa usiku kwa ajili ya mawazo bado kimo mwilini Jumamosi jioni marafiki wanapofungua chupa. Binti anaweza kuchanganya bila kujua kwamba amechanganya.

Vidonge sita vilivyomezwa kwa kutawanyika havijengi uraibu wa mwili. Lakini muulize kwa upole kama ni hivyo sita tu, au kuna vingine vinavyotoka kwa rafiki. Ikibainika amekuwa akimeza kila siku kwa wiki kadhaa, asiachishwe ghafla. Dawa za kundi hili zikikatwa mara moja huweza kuleta degedege. Daktari huzipunguza hatua kwa hatua.

Sasa tuje kwenye ubishi. Mumeo na wifi yako wana ukweli mkononi, ila wameushika upande usio na mpini.

Tofauti za mwili zipo, na iliyo wazi kuliko zote ni ya pombe. Pombe huenea kwenye maji ya mwili, haikai kwenye mafuta. Baada ya kubalehe mwili wa msichana huwa na mafuta mengi zaidi na maji machache kuliko wa mvulana wa uzito uleule, kwa hiyo kiasi kilekile cha pombe hukuta maji machache ya kukizimua. (Walipokuwa na miaka minane tofauti hii ilikuwa ndogo sana; balehe ndiyo iliyoipanua.) Msweden Erik Widmark aliiweka katika hesabu ambayo hadi leo hutumika: gawanya gramu za pombe kwa uzito wa mtu uliozidishwa na 0.68 kwa mwanamume, au 0.55 kwa mwanamke.

Chukua vinywaji vitatu vya kawaida, kila kimoja kikiwa na gramu 10 za pombe halisi, yaani kama mililita 250 za bia ya asilimia 5. Mvulana wa kilo 62 atafika karibu gramu 0.7 kwa kilo, msichana wa kilo 50 atafika 1.1. Mwili huondoa takriban 0.15 kwa saa. Kaka pombe itamwisha mwilini baada ya saa tano hivi, dada baada ya saa saba na zaidi. Hata wangekuwa na uzito mmoja, dada bado angekuwa juu.

Ile chupa nayo ihesabuni hivyo hivyo. Nusu lita, nusu yake pombe kali ya asilimia 40: hapo mna mililita 250 zenye karibu gramu 79 za pombe. Ni vinywaji vinane ndani ya kitu ambacho machoni pa mtoto wa miaka 15 ni soda. Akiimaliza peke yake kwa haraka, hesabu inampeleka karibu gramu 2.9 kwa kilo, kiwango ambacho mtu huzima na pumzi huanza kulegea. Hapo bado hatujaongeza kidonge cha bibi. Mkae naye mezani na kalamu, mmwoneshe. Hesabu ya aina hii huingia kuliko hotuba, kwa sababu haimwiti mtu malaya wala mpotevu. Inamwambia tu mililita na saa.

Nikotini nayo ina tofauti yake. Mwili wa mwanamke huiondoa nikotini kwa kasi zaidi, na estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayochochea kasi hiyo. Maana yake kwa mvutaji wa kike ni kwamba hamu inaweza kurudi mapema. Kuhusu kifaa mlichokikuta, msipoteze muda kumuuliza anavuta mara ngapi kwa siku, hajui. Someni kwenye kifaa ujazo na nguvu ya kimiminika. Mililita 2 zenye miligramu 20 kwa kila mililita zinabeba miligramu 40 za nikotini, wakati sigara moja ya kawaida huingizia mwili kama miligramu 1 hadi 2. Kisha muulizeni: kimoja kinakwisha siku ngapi? Kikimchukua wiki mbili, huyo bado anajaribu. Kikikwisha kwa siku mbili au tatu na akavuta kabla hajatoka kitandani asubuhi, uraibu umeshaingia, na atahitaji msaada wa kuacha, sio kunyang'anywa tu.

Makala ya wifi haikutungwa hewani. Madaktari wanaotibu waraibu wameona kwa miaka mingi kwamba wanawake hufika kliniki wakiwa wametumia kwa miaka michache kuliko wanaume, lakini wakiwa wameathirika kwa kiwango kilekile. Majike ya panya maabara nayo hujifunza kujipa kokeni upesi kuliko madume, na homoni zinahusika. Lakini hizo za kliniki ni picha za watu wazima walioomba matibabu. Walipochunguzwa watu wa kawaida mitaani kuhusu pombe, kasi hiyo ya wanawake haikuonekana kila mara. Mwanamke mlevi huonwa aibu mapema, hutengwa mapema, kwa hiyo anaweza pia kufikishwa kliniki mapema. Na kumbukeni kwamba Marekani ilihitaji sheria, mwaka 1993, kulazimisha utafiti wa kitabibu unaolipiwa na serikali uwaingize wanawake. Mengi yaliyosemwa kabla ya hapo kuhusu "mwili wa binadamu" yalikuwa yamepimwa kwa wanaume.

Kuna swali ambalo makala za namna hiyo huliruka: nani hupewa? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 1999 uliwatenganisha watu waliowahi kukaribishwa dawa za kulevya na wale ambao hawakuwahi. Wanaume walikuwa wamekaribishwa zaidi. Lakini ukichukua wale tu waliokaribishwa, wanawake walikubali karibu sawa na wanaume. Ulaya nako, uchunguzi wa wanafunzi wa miaka 15 na 16 unaoitwa ESPAD umekuwa ukirudiwa kila baada ya miaka minne au mitano tangu 1995, na pengo la wavulana na wasichana kwenye pombe limekaribia kufutika. Miili haibadiliki ndani ya miaka 25. Milango ndiyo iliyofunguka. Kwa hiyo Baba Wawili akisema mvulana "lazima apitie," anakielezea kitu ambacho ni nafasi tu, si maumbile.

Tumgeukie huyo kaka sasa, maana kwetu barua yako imejaa dada ilhali faili nene ni la kaka. Dada ana hatari ya usiku mmoja: chupa, kidonge, usingizi, asiamke. Kaka ana hatari ya mwaka mzima, na mwaka wenyewe umeshapita. Kuvuta karibu kila siku kwa zaidi ya miezi kumi na miwili ndiyo tabia ambayo wataalamu huiogopa kwenye bangi. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya sita wanaoianza wakiwa vijana hufikia uraibu, na wanaovuta kila siku ndio hasa wanaojaza hesabu hiyo. Kinachoguswa kwanza ni kumbukumbu ya muda mfupi na ari. Anasoma ukurasa, hakumbuki. Anaanza kazi, haimalizi. Hapo mzazi huona uvivu.

Na kama mnataka tofauti ya jinsia yenye uzito, hii hapa, ila haimpendelei kaka. Bangi ya kila siku, hasa ile kali, huongeza uwezekano wa ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona watu wanakufuata. Ugonjwa wa aina hiyo kwa wanaume huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa miaka ya 20. Kwa wanawake huchelewa miaka kadhaa. Kaka yuko mlangoni mwa umri huo. Ulizeni pande zote mbili za familia, yako na ya mumeo, kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo, hata kama miaka ile ilisemwa ni mambo mengine. Kama yupo, "akikua ataacha" inakuwa kamari.

Tuwatendee sawa au tofauti? Sheria za nyumba ziwe sawa herufi kwa herufi: saa ya kurudi, simu, adhabu, nani anaruhusiwa kuja nyumbani. Ufuatiliaji uwe tofauti, kwa kadiri ya anachotumia kila mmoja na kwa nini anakitumia. Mkigeuza, yaani adhabu tofauti na ufuatiliaji uleule, mnapata mnachokiona sasa: dada anajifunza kuficha vizuri zaidi, kaka anajifunza kwamba hakuna kitakachotokea.

Anzeni na mazungumzo, kila mtoto peke yake, na asiwe amelewa. Macho mekundu mlangoni si wakati wa kuongea. Mwambie "tutaongea kesho saa kumi," kisha kesho saa kumi uongee kweli. Dakika 20 zinatosha. Kutembea pamoja au kuwa ndani ya gari ni bora kuliko kukaliana uso kwa uso. Usiulize "kwa nini?", hilo huleta uongo au machozi. Uliza "mara ya mwisho ilikuwaje?" halafu nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kitakuuma, kiache. Kila mnapomtaja mwenzake ("mbona dada yako kakubali?") mnapoteza wote wawili.

Kuna kipimo cha maswali sita kilichotengenezwa Boston, kinaitwa CRAFFT, ambacho wahudumu wa afya hukitumia kwa vijana wa miaka 12 hadi 21. Mtoto anaulizwa kama amewahi kupanda gari lililoendeshwa na mtu aliyelewa, akiwemo yeye mwenyewe. Kama anatumia ili atulie, ajione vizuri au akubalike. Kama anatumia akiwa peke yake. Kama amewahi kusahau alichofanya. Kama ndugu au rafiki amemwambia apunguze. Kama amewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo. "Ndiyo" mbili au zaidi zinamaanisha anahitaji kuchunguzwa kwa kina. Msikigeuze kuwa mtihani wa nyumbani. Kwa mhudumu, bila mzazi chumbani, majibu huwa ya kweli zaidi. Ila kwa maelezo ya barua yako tu, dada tayari ana "ndiyo" moja au mbili, kwa sababu anameza kutuliza mawazo, na inaelekea huwa peke yake.

Hapo kwenye mawazo pasipitwe. Baada ya kubalehe, wasichana hupata sonona karibu mara mbili ya wavulana, na wengi wanaotumia kitu wakiwa na sonona wanajitibu, hawastarehe. Mkiondoa chupa mkaacha mawazo, atatafuta kingine. Mwulizeni wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Na kaka mwulizeni vilevile. Wavulana nao huficha huzuni, ila yao hutoka kwa sura ya ukali na dharau, kwa hiyo hupewa adhabu badala ya daktari, au kama kwenu, hawapewi chochote.

Muulizeni dada pia pombe inatoka kwa nani. Msichana aliyepevuka mapema mara nyingi huishia kwenye kundi la wakubwa, na aliyenunua chupa mara nyingi ana miaka mitatu minne zaidi yake. Kisha mama, wewe mwenyewe, mkiwa wawili tu: je, kuna usiku asioukumbuka vizuri, au mtu aliyemgusa bila ridhaa? Sema kabla hajajibu kwamba jibu lolote halitamletea adhabu. Kama jambo limetokea ndani ya saa 72, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zina kikomo hicho cha saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri kadiri inavyowahi. Swali hilihili kaka naye aulizwe. Wavulana hufanyiwa, na kwao ni vigumu zaidi kusema.

Kumtoa shule tunalipinga moja kwa moja. Mtoto anayejiona wa shule yake, mwenye mwalimu mmoja anayemjua kwa jina, ana kinga ambayo nyumba ya shangazi haiwezi kumpa. Mnamwondolea hiyo, mnamtenga na mama yake, na mnamkabidhi aibu kama mzigo wa safari. Mawazo yatakwenda naye. Simu arudishiwe kwa masharti yaleyale ya kaka. Adhabu fupi inayojulikana mapema, kwa mfano wikiendi moja bila kutoka, hufanya kazi kuliko kifungo kisicho na tarehe ya mwisho, kwa sababu asiye na tarehe ya mwisho hana cha kupoteza.

Kaka akikubali kuacha, jiandaeni na arosto, yaani mateso ya mwili unapokikosa ulichokizoea. Ya bangi haiui, lakini wazazi wengi huiharibu kwa kutoijua. Huanza siku ya kwanza au ya pili, hupamba moto ndani ya wiki ya kwanza na kutulia baada ya wiki mbili hivi: hasira za ghafla, jasho usiku, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu wenye ndoto kali. Usingizi ndio huchelewa kurudi sawa. Siku ya tatu atakujibu vibaya kwa jambo la kijinga, na mkono wa baba utawasha. Wiki hiyo msifungue mashauri mengine, wala chumba kichafu wala matokeo ya mtihani. Mpeni maji, achoke kwa mazoezi mchana, simu itoke chumbani usiku. Kuna wanaoshindwa kuacha kwa mkupuo. Hao wapunguze kwa ratiba iliyoandikwa, kwanza msokoto wa asubuhi kama upo, kisha siku za shule.

Vipimo vya mkojo vya kununua tunavipendekeza kwa uchache sana, na sababu ni ya kiufundi. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonesha bangi hadi siku 30 baada ya kuacha. Kaka anaacha kweli, wiki ya tatu mnapima, kijiti cha kupimia kinasema anavuta, mnamwita mwongo. Hapo mmempa sababu ya kuvuta. Tena vijiti vingi havioni pombe kabisa, na baadhi ya dawa za kawaida huviletea majibu ya uongo.

Dharura iandikeni, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati: mtoto haamshiki, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika au pumzi inapita sekunde 10 bila kurudi, ngozi imekuwa baridi au midomo ya bluu, anatapika usingizini. Mlazeni ubavu, mtu asiondoke pembeni yake, iteni gari la wagonjwa au mpelekeni hospitali, na mtaje kila alichotumia, pamoja na kidonge. Kahawa, maji ya baridi na kumtembeza havisaidii. Kiwango cha pombe kwenye damu huendelea kupanda hata baada ya funda la mwisho. Watoto wote wawili waambiwe sasa, mbele ya baba, kwamba atakayepiga simu kwa ajili yake au ya rafiki hataadhibiwa usiku huo.

Baba Wawili hatutamshinda kwa ubishi wa maumbile, wala usijaribu. Mpe kazi. Mara nyingi anayemsamehe mtoto wa kiume kirahisi ni yule ambaye hajui afanye nini naye. Mwombe aulize upande wake wa ukoo kuhusu ugonjwa wa akili, na awe yeye wa kwenda na kaka kliniki. Mvulana wa miaka 17 aliyepelekwa na baba yake husikia jambo ambalo mama hawezi kumwambia: kwamba lake pia ni zito.

Mkipata nafasi moja tu ya kliniki wiki hii, aende dada, kwa sababu ya vidonge, pombe na mawazo kukutana mahali pamoja. Tarehe ya kaka ichukuliwe siku hiyo hiyo kwenye dirisha lilelile, isizidi wiki mbili mbele, na kadi yake akae nayo baba mfukoni.